Shuka Ulilonipa na Kifua cha Baba Mdogo

Mbeya,
Jumapili, 22 Juni.
Asubuhi: ukungu mzito mpaka saa tatu, Mlima Loleza hauonekani. Upepo hakuna. Maji ya ndoo yanauma vidole.

Mama,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta umekaa jikoni karibu na moto, na goti la kushoto limekuruhusu kupanda kilima cha kanisani bila fimbo. Niambie kama mahindi ya bondeni yameshapanda darini au bado yanawasubiri nyani. Mimi ni mzima. Mafua niliyokuwa nayo mwanzoni mwa mwezi yaliisha tarehe 7.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya wote. Ninapozungumza nawe nazungumza na nyumba nzima na anayepita njiani. Habari niliyokupa Alhamisi jioni ilienea hivyo. Ya leo nataka uisome kwanza wewe peke yako. Meshaki anaondoka kesho na basi la asubuhi, atashuka Ifunda na kukukabidhi mkononi. Sikuifunga kwa gundi. Ameshaisoma, kwa sababu mgonjwa ni baba yake kabla hajawa baba mdogo wangu.

Habari yenyewe ni hii: nilichokwambia Alhamisi hakikuwa kweli. Sikukudanganya kwa makusudi, lakini hakikuwa kweli, na kosa ni langu. Nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika kwenye daftari.

Unajua kwamba Baba mdogo Elia aliangukiwa na lundo la magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, Jumanne tarehe 10. Alifika hospitali yetu saa tatu usiku, mbavu nne zimevunjika, na usiku ule ule akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Bomba limepita mdomoni mpaka ndani ya koo. Siku nane alikuwa anakwenda vizuri. Jumatano tarehe 18 akapata homa, na makohozi wanayomnyonya kwenye bomba yakawa mazito. Hapo ndipo Baba mkubwa alipoitisha kikao akasema arudishwe nyumbani, kwa kuwa mashine haimponyi mtu, inamchelewesha tu.

Mtu akiuliza, ujue kwamba ugonjwa huu wa mapafu hakuja nao kutoka Ubaruku. Ameupata hapa hapa hospitalini. Bomba linalompa pumzi ndilo linalowapa wadudu njia, na hutokea hata pale manesi wanaponawa mikono mpaka inachubuka. Wadudu hao ni wa aina nyingi na kila aina ina dawa yake. Ili kuijua aina, maabara huotesha makohozi kwenye visahani, kama unavyootesha mbegu za nyanya kitaluni, na kusubiri siku mbili au tatu. Mgonjwa naye anasubiri.

Chumba ninachofanya kazi kinajaribu kufupisha kungoja huko. Kuna mashine yenye taa ya zambarau. Tone la makohozi linapakwa kwenye kioo chembamba, kioo kinaingizwa ndani, taa inakimulika. Baadhi ya wadudu wakimulikwa hutoa mwanga wao wenyewe. Mmoja hutoa mwanga wa bluu unaoelekea kijani, nasi tunamwita wa kijani. Kwenye skrini unaona mstari ukipanda kama kilima. Kazi nzima ni saa moja. Ila huu ni utafiti. Hakuna anayeruhusiwa kumpa mgonjwa dawa kwa neno la taa mpaka ithibitike kwamba taa na visahani vinasema lugha moja. Mimi si mtaalamu, ni mhudumu. Naleta vikopo kutoka wodini, naandika namba, naosha na kukausha vioo.

Kukausha ndiko kulikoniangusha. Tulikuwa na karatasi maalumu za kufutia vioo, zisizoacha vumbi. Jumatano tarehe 4 zikaisha, na za stoo zikawa bado njiani. Sikutaka kazi ilale. Nyumbani nilikuwa na shuka jeupe ulilonipa siku niliyoondoka, la pamba, lililokwisha kulainika. Nililikata vipande vinane, nikapinda kingo kwa mkono, nikafua kama ulivyonifundisha kufua kanzu za kwaya: sabuni ya unga ile yenye chembe za bluu, kuloweka usiku kucha, kusuuza mara mbili, kuanika juani, kupiga pasi ya mkaa pande zote mbili. Tarehe 5 nimeandika: "Vimetakata." Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo dogo, na kusema kweli nilijisifu moyoni.

Alhamisi tarehe 19, saa tatu asubuhi, nilikwenda wodi ya wagonjwa mahututi kuchukua vikopo. Kimoja kilikuwa cha kitanda cha nne. Kitanda cha nne ni Baba mdogo. Nusu ya makohozi ilikwenda kuoteshwa, nusu ikaja kwetu. Saa tano kilima kikapanda kwenye skrini, kirefu, laini, mahali pa yule wa kijani. Anayeendesha mashine ni dada Shamim, binti wa wale wauza vifaa vya ujenzi pale Iringa mjini. Ananiita mnyalu, mtu wa Iringa mwenzake, ingawa babu yake alikuja kwa meli. Alikitazama kilima akasema, "Wiki hizi mbili wa kijani ametuvamia. Kila mtu anaye." Neno lile lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.

Daktari wa zamu alipita mlangoni. Ni mama mfupi ambaye sijawahi kumwona ameketi.

"Wa kitanda cha nne, taa yenu inasemaje?"

Dada Shamim alikuwa anavua glavu. Nikajibu kabla yake. "Wa kijani, dakta. Kilima kiko wazi kabisa."

"Dakta, huu ni utafiti," dada Shamim akasema. "Subiri visahani."

"Visahani ni Jumamosi. Huyu mimi Jumamosi yake siioni."

Akaenda. Saa nane mchana akaondoa dawa ya mwanzo, ile inayopiga wadudu wa aina nyingi, akaweka ya wa kijani peke yake, kali zaidi kwa huyo. Sikumwambia kwamba mgonjwa ni baba yangu mdogo. Jioni nikakupigia wewe. Maneno yangu ninayo kwenye daftari: "Mama, wameshampata mdudu, kwa saa moja tu, na dawa yake imeanza." Ukapiga kigelegele. Nikamsikia Baba mkubwa nyuma yako akisema, "Basi na akae." Kikao kikaisha hapo.

Ijumaa saa nne asubuhi umeme ulikatika. Chumba chetu hakina dirisha na mlango una pazia jeusi, kwa hiyo giza lake ni la kweli. Mashine ina betri yake, ikaendelea. Dada Shamim alifungua kifuniko kutoa kioo, na ule mwanga wa zambarau ukamwagika nje kidogo. Nilikuwa nimesimama kando na kitambaa mkononi. Kitambaa kikawaka bluu.

"He! Mnyalu, umeshika nini? Umekuwa malaika?"

Nilicheka. Nilikipunga, naye akacheka. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu.

"Lete hicho kitambaa."

Akachukua kioo kipya kutoka kwenye boksi, kisichowahi kuguswa na makohozi ya mtu yeyote. Akakimulika kwanza: mstari ukalala chini. Akakifuta kwa kile kitambaa, akakirudisha. Kilima kikapanda, mahali pale pale, kwa umbo lile lile. Kioo kitupu, Mama, kilikuwa kinaumwa ugonjwa wa Baba mdogo.

Alinieleza kwamba sabuni za unga huwekwa dawa inayofanya nguo nyeupe ing'ae juani, na dawa hiyo kazi yake ni kung'ang'ania uzi wa pamba isitoke hata ukisuuza mara kumi. Nyuzi ndogo zisizoonekana zilikuwa zinabaki kwenye vioo. Nilitoa daftari kwenye mfuko wa koti. Karatasi ziliisha tarehe 4. Vitambaa vilianza tarehe 5. Wa kijani alianza kutuvamia tarehe 5.

Dada Shamim akasema polepole, "Tunaweza kusubiri kesho. Visahani vitasema vyake, na taa itaonekana imekosea. Mashine ikikosea haifukuzwi kazi."

Nilikikunja kitambaa.

"Sikwambii usubiri," akasema. "Nakwambia tu kwamba njia hiyo ipo."

Saa ilikuwa nne na dakika arobaini. Sindano ya Baba mdogo huwa saa sita. Nilichukua daftari na kitambaa, nikaenda. Sikukimbia, kwa sababu kwenye korido ile hairuhusiwi kukimbia.

Mlangoni pa wodi yuko Sista Tupo, Mnyakyusa wa Tukuyu, anayelinda viatu kuliko anavyolinda mlango.

"Ugonile, Eve. Vua hivyo. Leo umekuja kumwona baba au kuchukua kikopo?"

"Nimekuja kwa daktari. Sista, sindano ya saa sita ya kitanda cha nne, naomba isichomwe kabla sijamwona."

"Tangu lini wanaoosha chupa wanaandika dawa?"

"Tangu jana," nilisema, "na ndiyo maana nimekuja."

Alinitazama, akaenda kumwita. Daktari alisikiliza amesimama. Nilimwonyesha kitambaa na kurasa.

"Shuka?"

"Ndiyo, dakta. La kwangu. Nilifua kwa sabuni ya unga."

"Yule wa kitanda cha nne ni nani kwako?"

"Baba mdogo."

Alifungua faili, akachora mstari juu ya dawa ya Alhamisi, akaandika ile ya mwanzo. "Sista, rudisha hii, sasa hivi, usingoje saa sita." Kisha akanigeukia. "Kosa la kusema ni lako. Kosa la kusikiliza ni langu. Nenda kamwambie mkubwa wako."

Mkubwa wetu ni Dakta Anyisile, anayeongoza utafiti. Nilimkuta saa nane mchana. Hakupandisha sauti. Aliomba daftari, akatoa nakala ya kurasa tano, akaniambia niandike maelezo, nami nikaandika kurasa mbili. Sampuli thelathini na saba za kuanzia tarehe 5 zimefutwa. Alisema jambo moja ambalo limebaki nami: kwamba wengine kati ya hao wameshafariki, na makohozi ya marehemu hayachukuliwi mara ya pili. Walikubali kutusaidia katika hali ile, au ndugu zao walikubali kwa niaba yao, nami nimeyafuta kwa kitambaa safi. Mkataba wangu unaisha tarehe 30. Ameniambia nitaitwa. Sijui zaidi ya hapo, na usiniulize kwa simu.

Jana Jumamosi, saa kumi jioni, visahani vya Baba mdogo vilitoa jibu. Dada Shamim aliniita nikaone. Si wa kijani. Ni mdudu mwingine kabisa, mweupe wa kijivu, na ukimgusa kwa kijiti anavutika kama mlenda. Taa yetu haimwoni kabisa, hata ukitumia kioo safi namna gani. Dawa ya Alhamisi isingemfanya lolote. Dawa ya mwanzo inamgusa, na daktari ameongeza nyingine inayompiga vizuri zaidi.

Kwa hiyo Baba mdogo alikaa bila dawa inayomfaa kuanzia Alhamisi saa nane mchana mpaka Ijumaa kama saa tano. Nimezihesabu mara mbili. Ni saa ishirini na moja. Nilimwuliza daktari zimemgharimu nini. Alisema, "Hilo hakuna kipimo chake."

Meshaki nilimweleza jana hiyo hiyo, kwenye benchi la nje ambako ndugu wa wagonjwa huota jua. Alikuwa anamenya muwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, dada, aliyeumwa mapafu ni shuka la mama mkubwa?"

"Ndiyo."

"Na sindano akachomwa mzee."

"Ndiyo."

Alitafuna, akatema makapi. "Ungekuwa mchafu kidogo kama sisi wa Ubaruku, haya yasingetokea." Halafu akafuta uso kwa mkono wa shati, kwa muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji siku ya baridi. Nilikaa naye mpaka ndugu wote wakaruhusiwa kuingia. Hakunilaumu tena. Sijui kama hilo ni kusamehe au ni uchovu, na sikumwuliza.

Sasa nafika kwenye lile ninalokuomba.

Mlikubali Baba mdogo aendelee kukaa hapa kwa sababu ya neno langu. Neno hilo halipo tena. Sitaki mtu aje kusema baadaye kwamba familia iliamua kwa habari ya uongo, na sitaki kuwa mtu aliyewaamulia. Muiteni Baba mkubwa, mkae upya. Haya ndiyo ya kweli mpaka leo saa sita mchana, nimeyachukua kwa daktari mwenyewe: mdudu anajulikana kwa visahani, na dawa yake ipo na ameshaanza kupewa. Homa Ijumaa ilikuwa thelathini na tisa na nukta nne, leo asubuhi ni thelathini na nane na nukta moja. Mkojo unatoka. Bado hawezi kupumua bila mashine. Daktari amesema, "Siwezi kukuahidi. Nipeni siku tano." Akiondolewa kwenye mashine leo ili asafirishwe, hafiki Makambako. Hilo la mwisho amelisema bila kuzungusha, nami sizungushi.

Mimi nina maoni yangu kuhusu siku hizo tano, lakini sitayaandika. Safari hii amueni bila sauti yangu.

Msomee Baba mkubwa barua hii yote, usiruke sehemu ya shuka. Najua utataka kuiruka. Mwinjilisti naye najua ametoa shukrani kanisani leo kwa ajili ya ile taa. Simwombi aondoe shukrani, namwomba aseme kwamba habari imebadilika, na waendelee kuomba. Mama mdogo, mke wa mgonjwa, mwambie uso kwa uso, si mbele ya watu. Akinikasirikia, mwache anikasirikie.

Jambo moja dogo. Usininunulie shuka jingine. Na mtu asikwambie kwamba kufua kwako kuna kasoro. Kwa kanzu za kwaya ni sawasawa kabisa. Vioo vile ndivyo vilivyotaka kitu ambacho wewe na mimi hatukukijua.

Nisalimie Baba mkubwa, na umwambie sikusahau kwamba yeye ndiye aliyenilipia mwaka wa mwisho wa shule. Msalimie fundi cherehani jirani yetu aliyenifundisha kupinda kingo. Wasalimie wanakwaya wa sauti ya pili, na yule bibi wa ng'ambo ya mto anayeniombea mume kila Jumapili. Mwambie aliweke kando hilo kwanza, amwombee Elia.

Kesho jioni nitapiga simu saa moja, baada ya barua kusomwa. Weka sauti ya wote.

Ni mimi mwanao,
Evelina.

Jumatatu, 23 Juni, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Meshaki yuko mlangoni na begi lake, naongeza mistari michache. Ukungu umepungua, nyota zinaonekana. Jana saa kumi na moja jioni nilipita wodini, na Sista Tupo akaniruhusu kusogea. Homa thelathini na saba na nukta nane. Walikuwa wamepunguza mashine kidogo kumjaribu, na kwa dakika ishirini kifua kilikuwa kinapanda kwa sehemu kubwa chenyewe. Hakufumbua macho. Niliangalia saa ya ukutani, nikahesabu pumzi zake, nikaandika. Sista alisema, "Ndaga, asante, sasa nenda nyumbani."

Tangu tarehe 10 nafasi ya saa ya kulala kwenye daftari langu ilikuwa tupu, kwa kuwa sikujua niandike saa ipi. Jana nimeijaza: nililala saa mbili na robo usiku, juu ya kitenge.